Huyu mwalimu wa mtandaoni wa piafe, ule mchakamchaka wa farasi wa papo hapo bila kusonga mbele, ameniambia niuze farasi ninunue mbuzi!

Wakuu, nimetoka kwenye kipindi chake sasa hivi, mikono inatetemeka, mnisamehe nikikosea herufi. Mnamjua. Hakuna anayeshika hatamu asiyemjua. Yule wa kofia, wa "siku tisini kutoka kamba hadi piafe". Jina silitaji.

"Nunua mbuzi." Mbele ya darasa zima!

Kozi yake ya mazoezi ya chini, yale ya kumfundisha farasi ukiwa umesimama ardhini bila kumpanda, nimeilipia yote. Masomo matano ya kwanza sina ugomvi nayo: farasi arudi nyuma ukiinua kidole, azungushe matako, asogeze mabega akupishe. Jike wangu aliyashika upesi. Somo la sita, ghafla bin vuu, tunaambiwa tumguse miguu ya nyuma kwa fimbo mpaka atroti papo hapo, ndiyo piafe yenyewe. Nimguse lini? Kwato ikiwa inaondoka chini, au imeshatua? Haonyeshi! Kamera kaiweka mbali kama anapiga picha mwezi. Fimbo huioni, mikono huioni, unaona kofia tu. Na farasi hajifunzi kwa kuguswa, anajifunza pale unapoacha kumgusa. Ukichelewa kidogo tu kuondoa fimbo, umeshamfundisha jambo jingine kabisa. Wangu sasa akiiona fimbo anasimama kwa miguu ya nyuma kama anataka kung'oa paa la banda.

Nikatuma video, nikauliza kwa adabu zote. Akaionyesha darasani, akaisimamisha palepale farasi yuko hewani na mimi nimening'inia kwenye kamba, akasema: "Uza huyu, nunua mbuzi." Watu wakacheka. Akairudisha nyuma, akaisimamisha tena palepale!

Jike wangu ana miaka mitano, mgongo haujamaliza kukomaa. Mashindano ya Grand Prix yenyewe, ngazi ya juu ya dresaji ambako piafe inadaiwa, hayampokei farasi wa chini ya miaka 8. Kule Vienna, Austria, kwenye ile shule kongwe ya wapanda farasi, wale farasi weupe wa Lipizza wanafundishwa kwa miaka, mwalimu akitembea ubavuni mwao, na mwanafunzi mgeni anapandishwa kwanza juu ya farasi mzee anayeijua kazi. Huyu wetu anakupa siku tisini na kofia.

Mbuzi, jamani!

Kwato_Ngumu: Mwalimu kakosea ushauri. Mbuzi ndiye bingwa wa kusimama kwa miguu ya nyuma, hujamwona anavyovizia majani ya juu? Utarudi kulalamika hapahapa.

Napita_Tu: Nimekaa kiti cha mbele. Mleta mada, tuwekee hiyo video.

Mleta mada: Siweki! Wameshacheka wa kutosha.

Bega_Ndani: Pole mkuu, lakini nikuulize. Bega ndani, lile zoezi la farasi kwenda mbele huku bega limeingizwa ndani kidogo, ulimfundisha kwanza? Guérinière, yule mwalimu wa farasi wa Kifaransa, aliliandika kwenye kitabu chake cha 1733 na mpaka leo hakuna njia ya mkato. Farasi asiyekunja kiuno na kuingiza mguu wa ndani chini ya tumbo, ukimdai piafe anakukanyagia matope tu, kisha anapanda juu kwa sababu mbele umemfungia na nyuma unamsukuma. Mpe njia ya kwenda mbele. Hatua mbili nzuri, mwachie, mpumzishe.

Mleta mada: Bega ndani kwenye kozi yake ni somo la 19! LA KUMI NA TISA! Baada ya mbuzi!

Kwato_Ngumu: Na hukuona namba hiyo kabla ya kulipa?

Mama_Punda: Afadhali wako anajibu mwenyewe. Mimi wa kwangu, yule wa kamba za rangi, nilimwandikia kwamba farasi kanikanyaga mguu wakati wa somo la kwenda upande. Nikajibiwa: "Hongera kwa hatua uliyopiga!" Ni roboti! Kidole kimevimba kama kiazi, roboti linanipongeza.

Napita_Tu: Hahaha, hatua kweli imepigwa.

Lijamu: Nyie mnalia na walimu, mimi nalia na fundi wa kwato. Wiki ya nane hii, kila siku "niko njiani". Kwato zimerefuka kama ndala. Nani atafundisha kwenda upande kwa ndala?

Mama_Punda: Wa kwangu alikuja, akatengeneza miguu mitatu, akapokea simu, akaondoka. Mitatu!

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye mada. Alisema MBUZI.

Bega_Ndani: Miguu mitatu? Ana gari jeupe, mlango mmoja umefungwa kwa kamba?

Mama_Punda: Huyohuyo!!

Lijamu: Ndiye huyo! Kumbe alikuwa kwako, na mimi nimesimama getini tangu asubuhi!