Dundun inazama chini ya kiki, agogo inayumba: singo ya Kiyoruba na elektroniki

bitikavu
Wakuu habari zenu. Kuna singo ya kwanza ya kundi la watu wawili: mmoja anaimba oríkì (mashairi ya sifa) kwa Kiyoruba, mwenzake yuko kwenye sinthesaiza. Mfano wetu ni dada pacha Ibeyi walivyoingia mwaka 2014 na EP ya Oya: sauti mbili, batá (ngoma), cajón (sanduku la kupigwa), piano, besi ya elektroniki, na nafasi tele katikati. Yetu imekuwa tope tupu. Dundun (ngoma ya Kiyoruba inayoongea) na kiki (pigo zito la chini) zikikutana, moja inapotea. Agogo (kengele ya chuma) ikikazwa kwenye gridi (mistari ya muda ya programu) inasikika kama imelewa. Na vokali ikipita kwenye Auto-Tune (programu ya kunyoosha noti), mwimbaji analalamika kuwa maneno yamebadilika. Tempo ni 116, tunatumia programu ya Ableton Live. Tuanzie wapi?

mapigo12
Anza na agogo, maana ndiyo inayoshika wimbo. Mzunguko wake una mapigo 12, si 16. Hesabu 1 hadi 12, gonga kwenye 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Kiki ya nne-nne (mara nne kwa mzunguko) inaangukia 1, 4, 7 na 10. Kwa hiyo zinakutana mara mbili tu, kwenye 1 na 10. Kwenye 7 kiki iko peke yake: kengele imeshalia kwenye 6, italia tena kwenye 8. Aliyezoea muziki wa house huona hapo kuna kosa, anavuta pigo moja alipeleke kwenye 7, na biti inafia hapo.

Gridi yako bila shaka iko kwenye 1/16, yaani kila nafasi ya kiki imegawanywa mara nne. Katika yale mapigo saba ni 1 na 10 tu yanayokaa humo. Matano mengine yanavutwa pembeni. Ndiyo huo ulevi unaousikia. Weka 1/8T (mgawanyo wa tatu-tatu), kwantaizi (kuvuta mapigo kwenye gridi) isizidi asilimia 60. Hi-hati nayo ifuate tatu-tatu, au itoe kabisa. Mimi ningeitoa.

bitikavu
Asante mkuu. Na dundun nayo niikaze hivyo hivyo?

kambazangozi
Dundun usiiguse! Kiyoruba kina toni tatu: juu, kati na chini. Mpigaji wa iya ilu (dundun inayoongoza) anabana kamba ili ngozi ikaze na sauti ipande, halafu anaachia ishuke. Ule mtelezo kati ya pigo na pigo ndiyo maneno yenyewe. Kwenye Live weka alama ya kunyoosha mwanzoni na mwishoni mwa sentensi, basi. Ukiweka kwenye kila pigo, unamkatakata mtu akiwa anazungumza. Kama bado inakataa, rekodi upya mpigaji akisikiliza ile agogo, si metronomu.

Gudugudu, ngoma ndogo ya kundi la dundun, ni habari nyingine: haibanwi, sauti yake haipandi wala kushuka, inashika mdundo tu. Hiyo unaweza kuibadilisha na mashine bila dhambi.

Kwenye miksi: kiki iwe fupi, mkia usizidi milisekunde 200, uzito wake ukae karibu na Hz 50. Dundun ikate chini ya Hz 90. Saidichaini (sauti moja kupunguza nyingine) wengi wanaifunga kinyume, kiki inaibana ngoma, na toni ya chini inamezwa. Geuza: dundun iibane besi kwa dB 2 au 3, iachie kwa milisekunde 120. Halafu zima glaidi (mtelezo wa noti) kwenye besi ya sinthesaiza. Besi ikiteleza huku iya ilu inateleza, ni watu wawili wanaongea kwa mpigo, na msikilizaji hamsikii hata mmoja.

Maikrofoni moja inatosha, sentimita 40 hivi kutoka kwenye ngozi, pembeni kidogo. Karibu zaidi ya hapo utarekodi kamba zikilia.

sautimbili
Naongezea upande wa vokali. Mwimbaji wenu yuko sahihi: toni ikihama, maana inahama. Auto-Tune ikiwa na kasi ya sifuri (inasahihisha papo hapo) inageuza mtelezo kuwa ngazi. Chagua skeli ya kromatiki (noti zote 12), kasi kuanzia 50 kwenda juu (taratibu zaidi), na usahihishe zile noti zinazoumiza sikio tu. Sauti ya pili ipande na kushuka pamoja na ya kwanza. Ukiipeleka kinyume, mmoja anasema neno na mwingine anasema jingine. Vokoda (inayoifanya sauti iimbe noti za kinanda) iache kwenye "aaa" na "ooo", kwa sababu inafuata kodi (noti za pamoja) za kinanda, si toni za mdomo.

Mkishawishika kuongeza batá za Kikuba, jueni kwamba ngoma za aña zimewekewa wakfu na hupigwa na walioapishwa tu. Studio na jukwaani hutumika aberikulá, zisizo na wakfu. Ulizeni mapema.

mapigo12
Kabla ya kupakia: oríkì inaweza kuwa ya jadi, lakini rekodi ya zamani mliyokata sampuli ina mwenyewe, ombeni ruhusa au iimbeni upya. Gawio la asilimia liandikwe sasa, na mpiga dundun awemo kama mistari ni yake. ISRC (namba ya utambulisho wa rekodi) moja kwa kila toleo, la ala tupu lina yake. Spotify wanataka wimbo uwasilishwe kwa wahariri walau siku 7 kabla ya kutoka; jipeni wiki tatu. Na jina la wimbo liandikeni na ẹ, ọ, ṣ zake, kisha hakikisheni msambazaji hakuzigeuza kuwa viboksi.