Katsumbakazi akikuuliza "umeniona wapi?" jibu ni gani?

KijanaWaMshomoroni
Wadau salaam aleikum, habari za jioni. Nina swali na tafadhali msinicheke. Mamangu ni Mrabai, babangu mtu wa Mombasa mjini, mimi nimelelewa Mshomoroni kwa hivyo mambo ya shamba nayajua nusu nusu tu. Likizo hii kijana wangu alikuwa kwa nyanyake Rabai na amerudi na stori ya katsumbakazi, yule mtu mfupi mfupi wa msituni, ati ukikutana naye anasimama anakuuliza "umeniona wapi?" na ukijibu vibaya basi siku zako zimehesabika. Sasa mtoto amenikalia hapa baba jibu ni gani baba jibu ni gani. Mimi nilivyoambiwa kitambo ni useme umemuona kutoka mbali, lakini kuna jamaa nafanya naye kazi bandarini ameshikilia ati lazima useme ukweli, nimekuona hapa hapa, kwa sababu hawa viumbe wanajua ukiwadanganya. Nani yuko sawa? Na mwingine, mke wangu anasema vitu kama hivyo hutoka usiku, mtoto anasema ameambiwa ni mchana. Nisaidieni kabla sijalala na huyu mtoto akiniuliza maswali.

MwanaKaloleni
Huyo jamaa yako wa bandarini atakuzika ndugu yangu 😂😂 USISEME HAPA HAPA. Hata kwa mzaha usiseme.

Sikiza vile sisi tulivyoambiwa na kina tsawe, yaani babu zetu. Katsumbakazi ni pepo lakini si pepo wa kukupanda kichwani, huyu unamuona kwa macho yako na unamuona mchana kweupe, ndio tofauti yake na wengine. Shida yake ni kimo. Ni mfupi na anajua ni mfupi na hiyo kitu inamuuma sana. Sasa fikiria wewe unapita kwa kinjia chako umebeba kuni, unainua macho, huyu hapa mbele yako. Anakuuliza umeniona wapi. Ukisema "nimekuona hapa hapa" maana yake umemwambia ulikuwa karibu umkanyage ndio ukajua kuna mtu, yaani umemtukana kimo chake usoni, na hatakuacha, humalizi siku nyingi. Ukisema "aaah wewe nimekuona tangu kuleee ng'ambo ya bonde" basi amefurahi, ameonekana mtu mzima, anakuacha upite na wengine wanasema unaweza hata kupata bahati baada ya hapo. Kwa hivyo si mambo ya ukweli na uongo, ni heshima. Kwani wewe ukikutana na mzee amevaa kanzu imepauka unamwambia imepauka?

BiKizeeWaKibokoni
Wanangu hebu nisikizani na mimi. Sisi hapa Mji wa Kale msitu hatuna lakini vitu hivyo twavijua, hayo ni majini tu, wako warefu wako wafupi wako wa bahari wako wa miti, kila mtu na jina lake. Nyanyangu akitwambia tukiwa wadogo, ukipita ndiani saa ya adhuhuri jua liko utosini, hasa kule kwenye mibuyu ya Mama Ngina, usipige mluzi, ukiitwa na mtu humuoni usiitike, sema bismillahi wende zako na mato yako mbele. Kwa hivyo huyo mkeo mwambie si usiku pekee, adhuhuri ni saa mbaya vile vile. Lakini mimi huyo wenu akiniuliza wallahi simjibu kitu. Mtu simjui yuwanisimamisha ndiani aniuliza nimemuona wapi, kwani yeye ni polisi?

MwanaKaloleni
Bibi heshima yako 😂😂😂 lakini kunyamaza pia ni hatari, atadhani umemdharau

TembezaWageni_Sokoke
Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni msitu wa Arabuko Sokoke huku kati ya Kilifi na Malindi, na hizi stori nazipenda sana lakini pia niwaambie kitu. Nusu ya watu wanaokuja kwangu na stori ya "kamtu kadogo kanalia msituni" wamesikia komba. Komba usiku analia kama mtoto mchanga kabisa, hata mimi nimeshazoea lakini kuna siku nywele zinasimama, na ukimulika tochi unaona macho mawili makubwa mekundu yanakutazama halafu yanaruka, na ana mikono yenye vidole kama vyetu anashika tawi. Ukiwa hujui huyo ni nani utakimbia mpaka Watamu.

Mchana nako kuna sengi wetu wa Sokoke, yule mnyama mdogo mwenye matako ya rangi ya dhahabu, ana pua ndefu na miguu myembamba, uzito wake kama nusu kilo hivi. Anapekua majani makavu chini, unasikia kshh kshh kshh kama mtu anatembea nyuma yako, unageuka huoni mtu, unaona kitu cha manjano kinapotea. Huyo yuko pwani ya Kenya tu, hutampata popote pengine duniani, kwa hivyo mgeni ambaye hajawahi kumuona anaanza kusema ameona shetani.

MwanaKaloleni
Kaka wa Sokoke hapo nakupinga kidogo. Komba ni wa usiku, katsumbakazi ni wa mchana, hiyo peke yake inamtoa komba. Na huyo sengi haulizi swali. Stori yote ya katsumbakazi ni swali lake, ukiondoa swali hubaki na kitu. Hakuna mtu kijijini aliyesema amesikia katsumbakazi akilia au akipekua majani, wote wanasema aliniuliza.

TembezaWageni_Sokoke
Hapo kwa mchana umenibana. Lakini bado nasema msitu unatengeneza hofu kwanza halafu watu wanaiwekea jina.

MsomajiWaTudor
Naingia nikiwa nimechelewa, samahani ni ndefu. Kwanza hii stori si ya kutunga juzi, kuna mmishenari Mwingereza W. E. Taylor, yule yule aliyekusanya mashairi ya Muyaka hapa Mombasa, alichapisha msamiati wa Kigiriama mwaka 1891 na katsumbakazi yumo ndani, na maelezo yake ni kama ya MwanaKaloleni hapo juu: anaonekana mchana, mfupi, ana wivu na kimo chake, hapa hapa unakufa, kule mbali umepona. Kwa hivyo mwambie huyo jamaa wa bandarini tangu hiyo 1891 jibu halijabadilika.

Kitu kinachonishangaza mimi ni kwamba swali hilo hilo liko kwa Wazulu kule Afrika Kusini. Wao wana abatwa, watu wadogo mpaka wanaweza kujificha chini ya jani la nyasi, na ukikutana naye anakuuliza umeniona ukiwa wapi, na lazima umuonyeshe mlima wa mbali useme nimekuona tangu nilipokuwa pale. Ukimwambia ndio nakuona sasa hivi anakupiga mshale. Huku karibu, Wachaga wana wakonyingo wanaokaa juu Kilimanjaro, wana vichwa vikubwa mpaka hawalali chini, wanalala wameegemea, maana wakianguka hawawezi kuinuka wenyewe, na kila mmoja anatembea na pembe ya kupiga aje kuinuliwa. Hao nao ukiwadhania watoto umejiharibia.

Wengine husema basi hiyo ni kumbukumbu ya mbilikimo waliokuwa hapa kabla ya Wabantu kufika. Mimi sijashawishika kwa upande wa pwani. Kwa Wazulu sawa, abatwa ni jina pia la wawindaji wa kweli, wale Wasan wenye mishale. Lakini sisi wawindaji wetu wa zamani wa msituni ni Waata, na hao kimo chao ni kama changu na chako tu. Nionavyo mimi stori imetembea na watu, mtu anahama na mbegu zake na mbuzi wake na stori zake, akifika kwenye msitu mpya anaiweka humo.

Na msitu wa kuiweka upo, tena wenye sheria. Kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, mti haukatwi ovyo, huingii utakavyo, kule Kaya Kinondo mpaka leo mgeni anafungwa kaniki nyeusi kwanza ndio apite. UNESCO waliziingiza kwenye urithi wa dunia 2008 lakini wazee walikuwa wakizilinda kitambo kabla ya hapo. Mtoto ambaye ameambiwa mle ndani kuna mtu atakuuliza swali haingii peke yake kutafuta kuni. Sisemi wazee walitunga kwa sababu hiyo, nasema inasaidia.

BiKizeeWaKibokoni
Umesema vyema mwanangu, ila hao wa kulala wameegemea ukuta nimeteka mpaka kitwa chauma

KijanaWaMshomoroni
Shukran sana wote. Jamaa wa bandarini nimemtumia hii thread kwa WhatsApp, amesoma, amenijibu "hao Wagiriama wamezoea kusifu sifu watu." 🤣 Mtoto nimemwambia jibu ni kule mbali, sasa ameanza lingine: msitu wa kaya ni mzito, miti imefunga, huoni hata hatua ishirini mbele. Ukimwambia nimekuona kutoka mbali si atajua ni uongo?

MwanaKaloleni
Atajua. Na atapenda hivyo hivyo. Huyo mtoto mpeleke shule ya mawakili

TembezaWageni_Sokoke
Akija Sokoke mlete, namuonyesha sengi bure. Wewe mzazi utalipa kiingilio getini.