AFCON hadi robo fainali: mchezaji bora ni nani? Mimi nasema Ronwen Williams

Mtoa mada, Mwanza
Wadau, robo fainali za AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Ivory Coast zimeisha, Jumatano Februari 7, 2024 ni nusu fainali. Tuulizane sasa, kabla bingwa hajapatikana na kila mtu kuanza kusifia timu iliyobeba kombe: hadi hapa, bora ni nani?

Kura yangu naitoa kwa kipa na nahodha wa Afrika Kusini. Mechi ya kwanza Mali waliwapiga 2-0, watu wakaanza kuwaaga Bafana, kama timu hiyo inavyoitwa. Tangu siku hiyo Williams hajaokota mpira nyavuni: Namibia, Tunisia, Morocco, Cape Verde, wote wametoka patupu. Juzi na Cape Verde, dakika za majeruhi, mshambuliaji kabaki naye uso kwa uso, kaupangua mpira ukagonga mwamba. Yakaja matuta, yaani mikwaju ya penalti, akapangua manne. Manne! Wenzake walifunga mawili tu na bado wakavuka 2-1. Najua mtasema analindwa na wenzake wa klabu ya Mamelodi Sundowns waliojaa kikosini. Sawa, lakini kwenye matuta nani anamlinda?

Mombasa
Ndugu yangu, huo ni usiku mmoja. Emilio Nsue wa Equatorial Guinea ana mabao matano. Matatu kawafunga Guinea-Bissau, mawili wenyeji Ivory Coast, waliolala 4-0 kwao Abidjan mbele ya watu wao. Ana miaka 34, na klabuni kwake Intercity, daraja la tatu Hispania, huchezeshwa beki wa kulia! Mwataka nini tena?

Dar
Tulitaka la sita. Hatua ya 16 na Guinea alipata penalti, akagonga mwamba, kisha Mohamed Bayo akawamaliza dakika za majeruhi. Nsue yuko nyumbani anaangalia kwenye runinga kama sisi.

Mombasa
Walikuwa kumi uwanjani, ndugu, mbona hilo hulisemi? Na hayo matano hajayafikia mtu hadi leo.

Lubumbashi
Mnabishana kipa na mfungaji, beki hamumuoni. Chancel Mbemba, nahodha wetu DR Congo! Sisi makundi tulitoka sare zote tatu, pamoja na ile 0-0 na nyinyi Watanzania. Tukamtoa Misri kwa penalti, kipa wetu Lionel Mpasi akapiga ya mwisho mwenyewe. Robo fainali Guinea walitangulia, nahodha akapanda mbele akasawazisha, tukamaliza 3-1. Anazuia, anafunga, anaongoza.

Dar
Kaka, hiyo 0-0 ndiyo iliyotufungisha virago, usiikumbushe hapa. Ila Mbemba nakubali. Siku ile kila krosi yetu ilikuwa inaishia kwake.

Nairobi
Mtoa mada, kama kigezo chako ni kutofungwa, umemrukaje kipa wa Nigeria, Stanley Nwabali? Nigeria walitoka 1-1 na Equatorial Guinea, baada ya hapo Ivory Coast, Guinea-Bissau, Cameroon na Angola hawajapata kitu. Mechi nne, sawasawa na Williams. Tena yeye pia anacheza ligi ya Afrika Kusini, pale Chippa United. Na ukiniuliza mimi, wa kwanza Nigeria ni Ademola Lookman: mabao yote matatu waliyofunga tangu mtoano uanze ni yake.

Mtoa mada, Mwanza
Mkuu, hoja ya Nwabali ni nzito, sikatai. Tofauti naiona kwenye kazi yenyewe. Mbele yake kuna Troost-Ekong, Ajayi na Bassey, mabeki watatu wa kati, na washambuliaji wanarudi kukaba. Kwa Nigeria ningempa Troost-Ekong kabla ya kipa, maana penalti iliyowaua wenyeji pia ni yake. Lookman ni wa pili kwangu, Mbemba wa tatu. Nsue namwachia kiatu cha dhahabu, anastahili, lakini kiatu na mchezaji bora ni vitu viwili.

Nairobi
Basi Bouaké Jumatano, Nigeria na Bafana, makipa wako wawili mlango kwa mlango. Nwabali akitoka salama utabadilisha kura?

Mtoa mada, Mwanza
Akimaliza dakika 90 bila kufungwa, nabadilisha hapahapa. Ikienda matuta, hapo simwachi Williams.