Pikapu ya gitaa la boksi kwa shoo za laivu: ya tunduni, ya chini ya daraja au ya kubandika?

Kidole_Gumba
Wakuu, habari za jioni. Nina Yamaha F310, ile isiyo na waya wowote ndani. Miaka yote nimepigia kwenye maiki: stendi, maiki mbele ya tundu, maisha yanaenda. Sasa nimepata kazi ya kila Ijumaa kwenye mgahawa mmoja wa ufukweni, tuko wanne: mimi, besi, dramu na dada anayeimba. Ijumaa ya kwanza nilikuwa kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Nikirudi nyuma nusu hatua, gitaa limepotea. Fundi mitambo akipandisha, spika zinapiga mluzi hadi wateja wanaacha samaki wao wanatutazama. Seti ya pili nikawa napamba jukwaa tu.

Nataka pikapu, kile kifaa cha kunasa sauti ya gitaa na kuipeleka kwenye spika (si ile ya kubebea mchanga). Naona kuna ya sumaku inayokaa tunduni, ya piezo (inayogeuza mgandamizo kuwa umeme) inayolala chini ya mfupa wa daraja, pale nyuzi zinapoegemea, na zile za kubandika ndani kwenye ubao. Bajeti laki tatu, nikijikaza laki nne. Mnashauri ipi?

Solo_Tanga
Weka ya chini ya daraja, yaishe. Karibu kila gitaa la dukani lenye tundu la jeki lina hiyo. Wangekuwa wajinga wote?

Fundi_wa_Nyuzi
Solo, hujakosea, ila umeruka swali. Jamaa ana dramu mgongoni. Kabla ya kumwambia mtu anunue nini, mimi humuuliza: jukwaani kwenu pana kelele kiasi gani? Pikapu inayolisikia vizuri boksi la gitaa inayasikia vizuri pia masipika yaliyo karibu, maana ubao wa juu unatikiswa na chochote.

Za kubandika, nazo ni piezo, ndizo zinazolisikia boksi kuliko zote. K&K Pure Mini ni vidonge vitatu, unavigundisha kwa supagluu ndani, chini kabisa ya daraja. Haina betri. Ukiipiga sebuleni utadhani umenunua gitaa jipya: joto, mbao, vidole, vyote vipo. Ipeleke kwenye bendi yenye dramu, monita (spika ya kujisikia jukwaani) ikuelekee tumboni, na gitaa linaanza kuunguruma lenyewe. Magitaa mengi ya umbo kubwa kama hilo lako yana mahali hewa ya ndani inapovuma, karibu na hezi 100, pale kwenye G na A za chini. Hapo ndipo panapoanza.

Ya sumaku ni kinyume chake. Haisikii mbao, inasikia chuma cha nyuzi. Ndiyo maana inavumilia kelele kuliko nyingine, na ndiyo maana wengine wanalalamika kwamba inafanya gitaa la boksi lisikike kama la umeme. Seymour Duncan Woody ni ya kubana tu, dakika mbili umemaliza. Fishman Rare Earth ni hatua ya juu, ina betri ndogo kama za saa. L.R. Baggs M80 imetengenezwa isikie na mtikisiko wa boksi kidogo, lakini hiyo imeshapita bajeti yako.

Ya chini ya daraja iko katikati. Inavumilia kiasi, ila ukichapa nyuzi kwa nguvu inatoa ile sauti kavu ya puani, kama mtu mwenye mafua.

Kwa dramu na monita: ya tunduni.

Solo_Tanga
Hiyo ya puani ni kwa sababu watu wanachomeka moja kwa moja kwenye mikisa na kusahau ekwalaiza. Shusha midi (sauti za kati) kidogo, inakaa.

Fundi_wa_Nyuzi
Inapungua, haiishi. Na kuna jambo la ufungaji. Niliwahi kuletewa gitaa, mwenyewe ameshalipa ufundi mahali, uzi wa kwanza hausikiki kabisa. Nikatoa mfupa, nikauweka juu ya kioo cha dirisha, nikaumulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Mwanga unapita upande mmoja. Yaani mfupa ulisuguliwa ukapinda, ukawa unaikandamiza ile piezo upande wa besi na kuelea upande wa pili. Nikausugua upya kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo hichohicho, nusu saa, nyuzi zote sita zikarudi sawa. Ukiweka ya chini ya daraja, mlipe fundi mwenye subira, au usiweke.

Mzee_wa_Bendi
Wanangu, hiyo ya chini ya daraja haikuanza jana. Ovation, Wamarekani, waliianzisha miaka ya 1960 mwishoni, yale magitaa yenye mgongo wa mviringo kama bakuli. Glen Campbell aliyapiga kwenye televisheni na dunia ikayajua. Kabla ya hapo ilikuwa maiki, au sumaku ya kufunga tunduni. Sisi tulipiga na maiki moja bendi nzima, mwimbaji akimaliza ubeti anapisha, gitaa linasogea. Ndiyo maana tulijifunza kucheza huku tunapiga!

Kidole_Gumba
Shikamoo mzee, hapo kwenye kupishana nimecheka peke yangu kwenye daladala. Fundi, nimekuelewa. Swali: nikichukua isiyo na betri, naichomeka tu kwenye mikisa?

Sauti_Kavu
Hapo ndipo wengi wanapoangukia, na wanasingizia pikapu. Piezo isiyo na betri inahitaji mlango wenye ukinzani mkubwa, walau omu milioni 1. Laini ya kawaida ya mikisa iko chini sana ya hapo. Ukichomeka hivyohivyo, besi inaondoka, unabaki na sauti nyembamba kama redio ya mlinzi usiku. Hata boksi la DI (kiunganishi kati ya gitaa na mikisa) la bei nafuu lisilotumia umeme lina tatizo hilohilo. Unahitaji DI inayotumia umeme, yenye mlango wa ukinzani mkubwa, au priampu (kikuza sauti cha awali) kama L.R. Baggs Para DI, ambayo inaendeshwa kwa betri au kwa volti 48 za mikisa. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya K&K, ongeza na hiyo. Bei ya pikapu peke yake si bei yenyewe.

Ya sumaku haidai makuu upande huo. Ila mikisa mingi siku hizi ina kitufe kilichoandikwa Hi-Z (yaani ukinzani mkubwa) kwenye chaneli moja au mbili. Muulize fundi mitambo wako kabla hujatoa hela.

Nailoni_Unguja
Naomba niingie kidogo ingawa mimi ni mtu wa udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Msinunue sumaku kama chombo chenu kina nyuzi za nailoni. Haisikii kitu, kimya cha makaburini. Mimi nilinunua kwa kuona picha ni nzuri. Ilibidi nimpe mpwa wangu. Sasa natumia maiki ndogo ya kubana, ya kuazima, DPA 4099. Kwa taarabu, watu wamekaa kitako, hakuna dramu, inatosha na inazidi. Kwa ufukweni na upepo ule, sithubutu.

Boksi_254
Mimi naona mmeisahau style ya kupiga. Napiga fingerstyle ya kwetu magharibi mwa Kenya, kidole gumba na cha shahada, na katikati ya wimbo nagonga ubao kwa kiganja. Kwa sumaku ile kugonga inapotea, unasikika kama umesahau ngoma nyumbani. Ndio maana niko na K&K, na nimenunua kifuniko cha mpira cha kuziba tundu. Muungurumo ulipungua sana. Lakini ni kweli, napiga peke yangu ama na mtu mmoja. Na bendi kubwa sijajaribu.

Fundi_wa_Nyuzi
Boksi, umesema kweli, anayegonga ubao asiguse sumaku. Na kabla hujagundisha, jaribu kwanza na ile gundi laini ya bluu ya kubandikia karatasi ukutani. Supagluu ikishika, imeshika.

Kidole_Gumba
Wakuu, mrejesho. Sikununua kwanza. Nimeazima ya tunduni ya bei ya chini kwa jamaa wa kanisani, waya unaning'inia mbele kama drip ya hospitali. Ijumaa mbili sasa. Nimesimama mbele ya monita, nimegeuka, nimesogea kwa mpiga dramu kumtania, hakuna mluzi hata mmoja. Fundi mitambo alinipa tano.

Lakini uzi wa pili unapiga kelele kuliko wenzake wote. Kila nikigusa B ni kama kuna mtu anagonga sahani.

Fundi_wa_Nyuzi
Hiyo ni sumaku kazini. Nyuzi zako nne za chini zimesukwa shaba nje, sumaku inasikia kiini cha chuma tu. Uzi wa pili ni chuma kitupu na ni mnene. Kama haina skrubu za kila uzi, inamisha upande huo ushuke kidogo, weka kipande cha sponji upande wa besi.

Kidole_Gumba
Nimeweka sponji ya kuoshea vyombo. Haijaisha, ila sahani imekuwa bakuli la plastiki. Bi mkubwa anaitafuta sponji yake, sijasema kitu.

Nimeamua: nachukua ya sumaku yenye skrubu za kila uzi, naivumilia sauti ya umeme Ijumaa. Sebuleni nina gitaa bila pikapu na linatosha. Swali la mwisho, waya huu unaoning'inia unanikera. Nataka jeki pale kwenye kitufe cha mkanda, mkiani. Naingiza tu dreli ya milimita 12?

Fundi_wa_Nyuzi
USIINGIZE DRELI. Biti kubwa ikikamata lile tundu lililopo, inavuta na kupasua ubao wa ubavuni. Tafuta rima, ile ya mkono yenye ncha ya kuchongoka, unazungusha taratibu huku umebandika selotepu nje ya rangi. Jumamosi nipo Kariakoo, lete gitaa. Na sponji ya watu urudishe.