Hewa ya moto hupanda, mbona Lushoto kuna baridi?

MwalimuPangani
Wakuu, naombeni msaada. Nafundisha fizikia kidato cha tatu huku Pangani. Juzi tulifanya jaribio la katoni: dirisha la nailoni ubavuni, mabomba mawili ya karatasi ngumu juu, mshumaa chini ya bomba moja, udi unaofuka juu ya la pili. Moshi wa udi ukashuka ndani, ukaufuata mshumaa, ukatokea juu. Darasa zima likashangilia. Ndipo binti mmoja akauliza: kama hewa ya moto inapanda, mbona Lushoto kule milimani kuna baridi na sisi huku chini pwani tunatokwa jasho? Sitaki kumpa jibu la kukariri. Nimwoneshe nini kwa vifaa vya hapahapa?

Mkufunzi_Mstaafu
Mwalimu, swali hilo lina thamani kuliko mtihani mzima. Msimamishe mbele awaulize wenzake.

Watoto wengi huamini jua linapasha hewa moja kwa moja. Sehemu kubwa ya mwanga wake hupenya tu hewani. Inayopata moto ni ardhi. Hewa inayogusa ardhi hupashwa kwa mpitisho (joto kupita kwa kugusana), kisha hupanda kwa msafara (hewa yenyewe kusafiri na joto lake). Yaani anga hupashwa kutoka chini, kama chungu mekoni.

Ila huko juu mgandamizo ni mdogo. Hewa inayopanda hutanuka, na kutanuka huko hutumia joto lake yenyewe. Kwa wastani jotoridi la anga hupungua nyuzi 6.5 kila kilometa unayopanda. Lushoto iko takribani mita 1,400 juu ya bahari. Waache wapige hesabu wenyewe, watapata tofauti ya kama nyuzi 9.

Sasa vitendo. Leta pampu ya baiskeli: wajaze tairi kwa nguvu, washike sehemu ya chini ya pampu, ina moto. Kisha wabonyeze valvu, upepo uwapulize kidoleni. Wa baridi! Usiseme neno, waache wabishane kwanza.

Halafu chupa ya maji ya lita moja na nusu. Tia maji ya uvuguvugu kidogo, dondosha njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi ili moshi uingie, funga kifuniko. Ikamue kwa nguvu, kisha iachie ghafla ili hewa itanuke na kupoa. Ukungu unatokea ndani! Ukikamua tena, unapotea. Weka ubao mweusi nyuma yake, la sivyo wa viti vya nyuma hawaoni kitu.

Nyakato_Mza
Naongezea: sinia mbili juani, moja mchanga mkavu, nyingine maji. Kivulishe kipimajoto kwa kipande cha karatasi, vinginevyo utapima jua lenyewe. Mchanga utayaacha maji mbali. Wanangu huku ziwani waliunganisha wenyewe na upepo wa mchana kutoka Victoria.

MwalimuPangani
Shukrani sana. Mkufunzi, moshi wa njiti ni wa lazima?

Mkufunzi_Mstaafu
Mvuke unahitaji chembe za kushikia ndipo uwe matone. Anza bila moshi, ukungu utakuwa hafifu mno au usionekane. Kisha tia moshi, urudie. Tofauti hiyo waione kwa macho yao kabla hujaeleza.