Kisu gani kinafaa kwa sangara na kambare? Ngozi inanishinda

BintiPasua
Wakuu habari za humu. Nipo Moshi, huku Pasua, nauza samaki wabichi: sato na sangara wanaokuja na barafu kutoka Mwanza, perege na kambare wa Nyumba ya Mungu. Nilikuwa nauza mzima mzima, mteja anaenda kuhangaika naye kwake. Mwezi uliopita akaja mwenye mgahawa anataka minofu mitupu, isiwe na ngozi wala mwiba. Nikaitikia haraka kabla sijajua nimeitikia nini.

Kisu changu ni hiki cha kukatia nyanya. Kwa perege kinajikongoja. Kwa sangara wa kilo nne kinateleza juu ya magamba, na Jumanne kiliteleza hadi kwenye kidole gumba. Nikaenda mjini kununua kingine, muuzaji akaniapia kwamba hata mfupa kinakata. Siku ya pili ncha imepinda kama ndoana.

Nina 40,000. Nichukue kirefu au kifupi? Kigumu au kinachonesa? Au cha meno kama cha mkate? Nawasilisha.

Kibosho_Juu
Nunua shoka.

MzeeWaMapanki
Achana na huyo. Dada pole na kidole. Mimi nilisimama kwenye meza ya minofu kiwandani Mwanza miaka sita kabla sijahamia huku Arusha, Ngarenaro, kwa hiyo hili la sangara nakujibu bila kubahatisha.

Kwanza kisu chako cha nyanya kinaonewa. Wewe unakata kutoka nje kuingia ndani, maana yake makali yanapita kwenye magamba, na gamba la sangara halina tofauti na kucha. Kisu chochote, hata cha laki mbili, kitakufa makali pale kabla hujamaliza samaki wa tatu. Fanya hivi: choma kwa ncha nyuma ya pezi la kifuani, geuza makali yatazame juu, kisha kata ukitokea ndani kuja nje. Hapo unakata ngozi peke yake, magamba yanaachia yenyewe. Ukiona tabu, para magamba kwanza kwa kijiko au mgongo wa kisu. Usipare kwa makali, nakuomba.

Sasa kisu chenyewe. Kwa sangara wa kilo tatu kwenda juu chukua ubapa wa sentimita 18 hadi 20, mwembamba, ncha imechongoka. Kwa perege na sato wadogo sentimita 15 zinatosha. Kinese, ila kwa adabu: kandamiza ncha kwenye ubao, kipinde kiasi halafu kirudi chenyewe. Kikipinda kama rula ya plastiki, kwa samaki mkubwa kitakupotea njiani na nusu ya nyama utaiacha kwenye mfupa. Kisiponesa kabisa, hakitafuata mbavu. Cha meno kinachana nyama, mwenye mgahawa atakurudishia.

Mpini uwe wa plastiki yenye mikwaruzo, tena uwe na kizuizi mbele kidole kisisogee kwenye makali. Mpini wa mbao unakunywa maji na shombo, baada ya miezi miwili hata paka wanakufuata njiani.

Kuchuna ngozi: laza mnofu ngozi ikiwa chini, anzia mkiani, acha kipande cha kushika. Kishike kwa kitambaa au chumvi, la sivyo kitakuponyoka. Laza kisu karibu kabisa na ubao, kitulie hapo hapo, halafu uvute NGOZI ukiitikisa kushoto kulia. Watu wengi wanasukuma kisu, ndiyo maana wanatoboa.

Na tumboni ukikuta bondo, ule mfuko wa hewa wa samaki, usilitupe na matumbo! Lina wanunuzi wake, na kwa kilo linaushinda mnofu kwa mbali sana.

BintiPasua
Bondo nimekuwa nawapa mbwa wa jirani. Naomba dakika moja nilie.
Asante sana mzee wangu, Mungu akuzidishie. Na kambare je? Huyo hana hata magamba lakini ngozi yake ni raba.

MamaBwawani
Kambare niachieni mimi, nimezaliwa Nyumba ya Mungu. Mwanangu, kwa ngozi ya kambare kisu ni msaidizi tu, kazi inafanywa na plaizi.

Hakikisha kwanza amekufa. Kambare anavuta hewa kama wewe, anaweza kukaa saa nyingi nje ya maji akakutazama tu. Mgonge kichwani kwa mchi. Halafu kata ile miiba miwili ya mapezi ya kifuani, ndiyo inayochoma watu kuliko kisu. Msugue majivu au chumvi ute wote utoke, msuuze. Kata ngozi kuzunguka shingo, ngozi tu, usizame kwenye nyama. Bana ukingo kwa plaizi, shika kichwa kwa kitambaa, vuta kuelekea mkiani. Inatoka kama unamvua mtoto soksi. Kisu kifupi chenye ncha kali kinatosha, kile cha kumenyea viazi, mradi kimenolewa.

Ila wateja wangu wengi wanataka kambare na ngozi yake, abanikwe. Muulize wako kabla hujajichosha.

MangiTupa
Aisee mbona mnasahau vya nyumbani? Wahunzi wa Mamba, huku huku Kilimanjaro, wapo tangu enzi za mababu. Mpelekee springi ya gari, mwambie urefu unaotaka, unatoka na kisu utakachomrithisha mwanao. Hivi vya kung'aa vya dukani ni bati lililopakwa sifa.

MzeeWaMapanki
Mangi, kisu cha springi nakiheshimu kwa kupasua kichwa na kukata uti wa mgongo. Lakini ni kinene, kwenye mnofu kinapasua badala ya kuteleza. Tena kinashika kutu, na huyu anamuuzia mtu wa mgahawa.

MangiTupa
Kutu ni uvivu. Kikaushe, kipake mafuta ya kupikia, hakishiki kitu. Na makali kinayatunza kuliko hicho chako cha kiwandani, hilo ukatae kama unaweza.

MzeeWaMapanki
Hilo silikatai. Awe na viwili basi: cha Mamba kwa mifupa, chembamba kwa minofu.

Fundi_Jiwe
Mmeongea yote mmeacha kunoa. Dada, usikipeleke kwenye mashine ya mafundi vyuma. Zile cheche ni nzuri kutazama, lakini ubapa mwembamba ukipata moto hadi ukabadilika rangi kuwa bluu, chuma kimelainika, hata ukinoa kila siku hakikai. Tumia jiwe na maji. Inua mgongo wa kisu kama unene wa penseli, pitisha mpaka usikie kijimkunjo upande wa pili, geuza. Kabla ya kila samaki wawili watatu kipitishe kwenye chuma cha kunyooshea makali, kama wafanyavyo wauza nyama. Kisu butu ndicho kilichokukata, maana unatumia nguvu.

BintiPasua
Marejesho wakuu. Sijaenda dukani. Nilikwenda Kiborloni kwenye mitumba, kwenye lundo la vyombo vya jikoni nikakuta kisu chembamba cha sentimita 18, mpini wa plastiki, kimeandikwa Victorinox. Kilikuwa butu kama kijiko. Nikakandamiza ncha kwenye meza yake, kikanesa kikarudi, muuzaji akadhani namvunjia. 9,000 baada ya kubishana.

Jana sangara wawili. Nimekata kutoka ndani kuja nje, jamani, kumbe! Wa kwanza minofu ilitoka kama imetafunwa na mtu asiye na meno ya mbele. Wa pili mwenye mgahawa aliigeuza mara mbili hakusema kitu, akalipa. Mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki, nimemuuzia mama wa supu, bondo mawili nimeanika juu ya kabati.

Kambare mwenye mgahawa anamtaka na ngozi, MamaBwawani ulijua. Sasa Fundi, jiwe langu ni la pande mbili, moja mkwaruzo mkubwa. Naanza na lipi?

Fundi_Jiwe
Kama bado kinakata karatasi, anza na laini moja kwa moja. Kikikwama kwenye karatasi, mkwaruzo mkubwa kidogo kisha laini. Na loweka jiwe kwanza.

Kibosho_Juu
Na hilo bondo ulilisogeze juu zaidi, paka wa Pasua nawajua.