Ekseli za krola: nichongeshe chuma, niprinti au niagize za tayari?

dogo_wa_sakina: Habari zenu wakuu. Nina krola, gari la rimoti la kupanda mawe, ekseli ya mbele imenifia, krauni (gia kubwa ya ndani) imekula meno na hausingi (ganda lake) ina ufa. Plastiki sirudii tena. Nataka nitengeneze zangu mbele na nyuma, nina njia tatu kichwani: kuchongesha chuma kwa fundi, kuprinti 3D (kuna mshkaji ana mashine), au kuagiza za chuma za tayari. Ipi inalipa? Hela iko mfukoni inaniwasha.

mpasuamawe: Gari gani? Skeli ngapi? Tairi inchi ngapi? Mota? Bajeti? Umeandika aya nzima hujasema kitu chalii wangu.

BibiGia: Na beringi saizi gani. Mtu akija na "ipi inalipa" peke yake ni kama kumpigia fundi simu unamwambia gari linagonga basi.

mangi_pasua: Agiza tu ekseli za potali, zile zenye gia kwenye kila gurudumu. Boma la katikati lenye krauni linakaa juu, jiwe linapita chini. TRX-4, krola ya Traxxas, imekuja nazo tangu 2017 na wenye nayo huwasikii wakilia.

dogo_wa_sakina: Samahanini. Skeli 1/10, chasisi nimekata mwenyewe kwenye bati la aluminiamu kwa hiyo halina jina. Ekseli zilikuwa kopi ya zile za SCX10 ya kwanza, krola ya Axial. Tairi 1.9, heksi (kishikio cha rimu) mm 12, mota 540 ya brashi, 35T (mizunguko 35 ya waya), betri ya lipo seli 3. Bajeti laki na nusu zote mbili.

mpasuamawe: Seli 3 kwenye krauni ya kopi halafu unashangaa imekula meno 😂 Laki na nusu potali za ukweli huzipati, mwambie mangi akuongezee.

mangi_pasua: Atafute ya mkono wa pili basi. Halafu potali sio urefu tu, ile gia ya kwenye gurudumu inapunguza mzigo kwenye shafti, kwa hiyo propela shafti ikivuta bodi hailali upande mmoja kama mlevi. Unimog inatumia mfumo huo huo.

mpasuamawe: Na Land Cruiser zote za safari hapa Arusha hazina potali na zinafika Serengeti kila siku.

mangi_pasua: Land Cruiser inapita barabarani, nani kaipandisha kwenye jiwe lenye kimo chake mara mbili?

mzee_wa_themi: Nyie ngojeni, kijana asije akapotea kama mimi. Mwaka juzi nilichongesha. Nikapeleka mchoro kwa fundi mmoja, jina nalihifadhi, vipimo vyote nimeandika, akasema siku mbili. Siku mbili zikawa wiki tatu za "njoo kesho mzee", nikifika kijiwe chote kinanisalimia kwa jina. Siku napewa naona hausingi imechomelewa shafti zikiwa ndani, moto umeipinda, ukizungusha kwa mkono inakaza nusu duara halafu inaachia. Nikamwambia, akagonga na nyundo, akasema "imekaa". Nikafunga hivyo hivyo maana hamu ilinizidi. Jumapili nikashuka mto Themi na wajukuu, jiwe la kwanza limepandwa vizuri wanapiga makofi, jiwe la pili tairi la kushoto limesimama mota inaunguruma tu. Kufungua, shafti imejisokota kama kamba ya mkonge. Ilikuwa chuma laini cha nondo! Sio kosa la chuma, ni langu, sikumwambia atumie chuma gani na yeye hakuuliza.

BibiGia: Shikamoo mzee, pole. Hapo ndipo wengi wanaangukia. Dogo, shafti usichonge kwenye nondo. Tafuta printa mbovu ya ofisini, ile fimbo inayobeba kichwa cha wino ni chuma kigumu kilichonyooka kabisa. Kuikata tumia jiwe la grainda na maji, ukiipasha moto hadi iwe nyekundu ugumu unapotea. Na hausingi ichomelewe KABLA ya kuweka shafti, kidogo kidogo, huku na huku, halafu matundu ya beringi yapitishwe mwisho.

dogo_wa_sakina: Kuprinti je?

BibiGia: Printi ya kwanza ya PLA (plastiki ya kawaida ya kuprintia) kwa ajili ya kupima tu, kwamba linki (fimbo za kufunga ekseli kwenye chasisi) zinakaa na stelingi inakata. Kutumia hapana, PLA inalainika kama nyuzi 60, ukiiacha kwenye gari juani utakuta ndizi. Nailoni ndio inavumilia.

mpasuamawe: Kitu kingine, usinunue ya mbele peke yake. Hiyo SCX10 ya zamani krauni ni meno 38 pinioni (gia ndogo inayoizungusha) 13, ile ekseli ya AR44 ya SCX10 II ni 30 kwa 8. Yaani 2.92 na 3.75. Ukichanganya mbele inazunguka taratibu kuliko nyuma, gari linajisukuma lenyewe.

mangi_pasua: Na uzito uweke chini mbele. Mie nabandika risasi za kubalansi tairi ndani ya rimu, bei ya soda.

mpasuamawe: Risasi kwenye rimu inachosha sevo (mota ya stelingi). Weka shaba kwenye stabu, kile kipande kinachoshika gurudumu na kukata nalo kona.

mangi_pasua: Sevo yako ndio dhaifu. Njoo mto Karanga huku Moshi tuone nani anachoka, mawe ya Arusha ni changarawe.

mpasuamawe: Jumapili ipi? Nakuja, ila mtori juu yako.

mzee_wa_themi: Nami nakuja kwa ajili ya mtori.

dogo_wa_sakina: Wakuu nimepata printa ya elfu 15 pale mjini. Fimbo ni mm 6, beringi zangu za ndani ni 5. Nipunguze fimbo au nitafute beringi za 6?

BibiGia: Beringi, usiguse fimbo. Sema tundu la nje kwenye stabu ni mm ngapi? Tena hilo hujasema.

mzee_wa_themi: Na hiyo printa umeijaribu kwanza? Wajukuu wanahitaji ya kuprintia mitihani.